Mafunzo Niliyopata Nikijaribu Kuuharakisha Msindano

Ingia nyumba yoyote ya bati isiyo na dari huku Bukima, uinue macho. Kenchi utakazoziona ni za mbao nyeupe zenye vifundo, mbili kwa nne, na hazikuota hapa mkoani Mara. Ni misindano, au paina kama mafundi wanavyosema, imeshushwa kwa lori kutoka Mafinga au Njombe. Sisi wa Majita tuna mihogo, dagaa, majabali na mvua ya kubahatisha. Msindano unataka baridi na ukungu wa Mufindi. Kwa hiyo nilipowaeleza wazee wangu kwamba nimesomea misitu na kwamba kazi yangu ni kukuza miti hiyo ndani ya sahani za plastiki, baba mkubwa, ambaye ni seremala, hakushangaa wala hakusifu. Aliuliza tu: "Kwani mbegu zake zimekwisha?"

Hazijaisha. Kitalu chochote cha Mufindi kinaweza kupata mbegu za msindano, na mbegu ni rahisi kuliko sahani. Lakini nilipojaribu kumjibu niligundua kwamba jibu ni refu, na kwamba sehemu yake kubwa sikuisoma darasani. Niliipata nikiwa msaidizi wa maabara Uppsala, Sweden, nikihudumia miti ya sprusi, binamu wa msindano. Nyingine niliipata baadaye niliporudi nyumbani na kutembea vitaluni na mashambani Nyanda za Juu Kusini. Nimeyapa mafunzo haya namba ili nisipotee. Hayalingani uzito, na la tatu ndilo lililonibadilisha.

1. Mhogo ulinidekeza

Majita ukipenda mhogo wa jirani unaomba kijiti. Unakata pingili zenye macho kadhaa, unachomeka ardhini, na mwakani unachimba mhogo uleule: utamu uleule, rangi ileile ya ganda, ugonjwa uleule kama ulikuwepo. Mbegu bora ya Mkombozi iliyotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, imetembea kanda ya ziwa kwa namna hiyo, kijiti kwa kijiti. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo huamini moyoni kwamba mmea mzuri ukishaupata, umeupata. Kuuzidisha ni suala la panga na mvua.

Msindano hauna habari na desturi hiyo. Kata tawi la mti wa miaka ishirini, ulio mnyoofu kama mlingoti wa mashua, ulichomeke hata kwenye kitalu chenye mvuke: litakauka. Mara chache likitoa mizizi, linaendelea kuota kama tawi, limelalia upande, kana kwamba bado limeshikwa na shina lake. Mti huo umezeeka katika chembe zake, na uzee huo hauondoki kwa kukata. Mche wa mwaka mmoja, kinyume chake, unakubali. Vipandikizi vyake hutoa mizizi vizuri na kusimama wima.

Sasa tazama fumbo lenyewe. Mche unaokubali kunakiliwa bado haujaonyesha chochote. Hujui kama utanyooka, kama utakuwa na mbao nzito, kama utahimili ukame. Ukisubiri mpaka ujue, mti umezeeka na hautaki tena kunakiliwa. Wafugaji wa miti ya jamii hii dunia nzima, kuanzia New Zealand hadi Kanada, wamekuwa wakilizunguka fumbo hilo kwa miongo. Tishu kalcha, yaani hiyo kazi ya kukuza miti sahanini, haikuletwa kwa misindano kwa sababu mbegu zimekwisha. Ililetwa kwa sababu ya fumbo hili.

2. Kazi yote inategemea wiki chache za kiangazi

Wazo la kwamba chembe moja ya mmea inaweza kurudi kuwa mmea mzima ni la zamani. Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alilitamka mwaka 1902 bila kufanikiwa kulithibitisha. Mwaka 1958 karoti ilikubali: chembe za mzizi zilizoelea kwenye maji yenye virutubisho zilijipanga zikawa viinitete, yaani mimea midogo kama ile inayolala ndani ya mbegu. Miti ya koni iliendelea kugoma. Ilikubali mwaka 1985, pale Inger Hakman na Sara von Arnold, wakiwa Uppsala, walipopata viinitete vya sprusi kutoka kwenye mbegu changa. Mwaka huohuo mtafiti wa Chekoslovakia, Vladimír Chalupa, alitoa matokeo ya aina hiyo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Natal, Afrika Kusini, walitangaza kwamba wameweza kwa Pinus patula, ambao ndio msindano mkuu wa shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Kwa hiyo mtu asikuambie ni jambo la Wazungu na miti yao ya baridi. Msindano wetu umo kwenye orodha.

Namna inavyofanyika haina uchawi, ila inachosha macho. Koni huchumwa zikiwa mbichi, mbegu zake bado laini. Kila mbegu unaipasua chini ya hadubini, unatoa kile kiini cheupe kidogo kuliko punje ya ulezi, unakilaza juu ya chakula kilichogandishwa. Baada ya wiki kadhaa gizani, viini vingi vimekauka au vimekuwa kahawia. Vichache vimetoa kitu kama povu la maziwa, jeupe na linaloteleza. Povu hilo ni viinitete vinavyojigawa bila kukoma, vyote nakala ya mbegu moja. Ukilihamishia kwenye chakula chenye homoni nyingine, asidi ya absisiki, linaacha kujigawa na kuanza kukomaa. Vinajitokeza vijiti vidogo vya rangi ya krimu, ambavyo baadaye huwekwa kwenye mwanga na kuota.

Kwa sprusi, muda mzuri wa kuchuma hapo Uppsala ni Julai, usiku ukiwa mfupi sana. Ukiwahi, kiinitete hakijajipanga. Ukichelewa, kimekwisha kujua kitakuwa nini, na ni vigumu kukishawishi. Sprusi ni mpole kidogo. Hata mbegu iliyokomaa wakati mwingine inakubali. Misindano mingi haisamehe, na koni zake huchukua takribani miaka miwili kutoka uchavushaji hadi kukomaa, kwa hiyo ukikosa wiki zake unasubiri kundi jingine la koni.

Nitaje jambo moja la pembeni. Homoni inayotumika sana kuamsha lile povu ni 2,4-D. Mkulima wa Bunda anayelima mahindi anaifahamu: ni dawa ya kuua magugu, na inauzwa dukani. Kwa kipimo cha bomba la kupulizia, gugu linajipinda na kufa. Kwa miligramu chache ndani ya lita nzima ya chakula, chembe zinazaliana. Nilipomwonyesha mdogo wangu jina kwenye kichupa alicheka, akaniambia nisije nikakosea bomba.

3. Mtungi wa baridi una thamani kuliko maabara nzima

Nilipofika Uppsala mara ya kwanza nilidhani sehemu muhimu ya jengo ni chumba cha kukuzia, chenye rafu na taa, kwa sababu ndicho wageni walichopelekwa kukiona. Ilinichukua muda kuelewa kwamba moyo wa kazi ulikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, ndani ya mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Turudi kwenye fumbo la kwanza. Mbegu moja imekupa povu. Povu hilo unaligawa mara mbili. Nusu moja unaikuza iwe miche, unaipeleka shambani, unaipanda sehemu mbalimbali zenye udongo na mvua tofauti, na unasubiri. Nusu ya pili unaichanganya na sukari maalumu na dawa ya kuzuia barafu isipasue chembe, unaishusha baridi taratibu, kisha unaizamisha kwenye naitrojeni. Huko haizeeki. Inaweza kukaa mwaka mmoja au ishirini, na ikitoka bado ni chembe za kiinitete, changa kama siku zilipoingia. Wakati huo kule shambani ndugu zake wanapigwa na upepo, wanaliwa na wadudu, wanapimwa urefu na unene kila baada ya miaka kadhaa. Shamba likishasema kwamba nakala fulani ndiyo bora, unaingia chumba cha nyuma, unatoa kijichupa chake, unaiamsha. Mti unaujua kama mtu mzima, lakini mkononi unao ukiwa bado mchanga. Fumbo limefunguka.

Wafugaji wa Mara hawana haja ya maelezo marefu hapa, kwa sababu mtungi huu wameshauona ukija na mtaalamu wa uhimilishaji, umejazwa mbegu za madume kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Dume wa maziwa hakamuliwi. Thamani yake inajulikana kwa mabinti zake wakishazaa na kukamuliwa, na kufikia siku hiyo yeye mwenyewe huenda ameshachinjwa. Mbegu zake kwenye mtungi ndizo zinazongoja majibu. Nilipomweleza baba mkubwa kwa mfano huo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mnagandisha utoto wake." Sijasikia mtaalamu akieleza vizuri zaidi.

Hapa ndipo nilipobadilika. Nilikuwa nimeingia kwenye fani nikidhani kwamba tunafuga miche. Tulikuwa tunafuga subira, na mtungi ndio uliotuwezesha kusubiri bila kupoteza kitu. Ukiondoa majaribio ya shambani, mtungi ni friji la gharama lenye vitu visivyojulikana.

4. Mti wenyewe haukui haraka zaidi

Hili huwa linawakera watu wanaotaka habari njema. Mche uliotoka kwenye sahani haukimbii kuliko mche uliotoka kwenye mbegu kwa sababu tu umetoka kwenye sahani. Mwanzoni mara nyingi huwa nyuma: ni dhaifu, majani yake yamezoea hewa yenye unyevu wa chupa, na wiki za kuuzoesha nje zinaua mingi. Ukishatulia, unakua kadiri ya damu yake na udongo wake.

Kinachofupishwa ni kitu kingine. Kwa njia ya kawaida, ukishapata miti bora unachukua vikonyo vyake, unaviunganisha kwenye mashina mengine, unapanda bustani ya mbegu, unangoja itoe maua. Sprusi ya Sweden inaweza kungoja miaka ishirini au zaidi kabla ya kutoa koni za kutosha, na hata hapo miaka ya mbegu nyingi huja kwa kusuasua. Msindano wa Mufindi ni mwepesi kuliko sprusi, lakini nao una miaka yake. Na mbegu za bustani hiyo zimechanganyika, baba hajulikani, kwa hiyo sehemu ya ubora inapotea njiani. Mtungi unairuka hatua hiyo nzima: kutoka mti uliothibitishwa moja kwa moja hadi maelfu ya nakala zake. Miaka inayookolewa ni ya bustani. Ya msitu inabaki palepale.

Na ya majaribio? Huko ndiko wenzetu wanakohangaika sasa. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa kutoka Umeå, kaskazini mwa Sweden, walichapisha jenomu ya sprusi: herufi takribani bilioni 20, zaidi ya mara sita ya jenomu ya binadamu, sehemu kubwa ikiwa marudiorudio. Matumaini ni kwamba mche utapimwa vinasaba ukiwa na miezi, na kompyuta itakadiria utakuwa mti gani. Makadirio hayo yanafundishwa kwa majaribio ya shambani ya zamani, yaliyopandwa na watu ambao wengi wao wamestaafu. Nchi yenye majaribio mazuri ya miaka thelathini ina kitu cha kuifundishia kompyuta. Nchi nyingine itanunua mashine na kukaa nayo.

Niliwahi kukaa na mkulima wa Njombe mwenye shamba la misindano. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba yeye huuza miti kabla haijafika miaka kumi, kwa sababu ada ya shule haingoji. Mashamba ya serikali hulenga kuvuna miti iliyofika karibu miaka ishirini au zaidi. Pengo hilo la umri, ambalo linaonekana hata kwenye kenchi zinazopinda huku Musoma, maabara hailigusi. Mbao changa ni mbao changa hata zikitoka kwenye ukoo bora.

5. Kuvu ni adui ndani na rafiki nje

Maabara ya tishu ni mahali pa kunawa. Chakula kinapikwa kwa mvuke wenye shinikizo, koleo linachomwa kwenye moto wa spiriti, kazi yote inafanyika mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Chembe moja ya kuvu ikidondoka kwenye sahani yenye sukari, baada ya siku chache sahani imefunikwa na manyoya, na povu lako limekwisha. Mtu akikaa humo muda mrefu anaanza kuona kuvu kama shetani.

Kisha unafika kitaluni Mafinga, na mama anayesimamia viriba anakuambia uchanganye udongo kutoka chini ya misindano mikubwa. Ukimuuliza kwa nini, anasema bila huo miche inakuwa ya njano na inadumaa. Hajasoma neno maikoriza, na wala halihitaji. Vitalu vingi vya kwanza vya misindano barani Afrika vilishindwa mpaka udongo wenye kuvu rafiki ulipoletwa, kwa sababu msindano ni mgeni huku, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuuletea fosforasi hawakuwa wamesafiri nao. Mche wa sahani unafika kitaluni ukiwa msafi kuliko mche wowote uliowahi kuwepo, na usafi huo ni umaskini. Namna ya kuupa kuvu wake mapema, bila kuuletea pia kuvu wabaya wa kitalu, ni kazi ya ufundi ambayo majarida huipa mistari miwili na mama wa viriba huifanya kila msimu.

   

6. Koo nyingine hukataa, na kukataa kwake kuna gharama

Nitalisema kwa kifupi kwa sababu ni rahisi kueleweka. Mbegu kutoka kwa mama mmoja hutoa povu kwa urahisi. Za mama mwingine, aliye bora zaidi shambani, hazitoi kabisa. Kati ya zinazotoa, nyingine hazikomai, na kati ya zinazokomaa nyingine haziishi kwenye naitrojeni. Ukifika mwisho wa mlolongo umebaki na koo zilizopenda maabara. Hakuna aliyezichagua kwa ajili ya mbao. Mfugaji makini huweka kumbukumbu ya alichokipoteza kila hatua, ili ajue kama anaboresha msitu au anaboresha tabia ya kuishi kwenye sahani.

7. Msitu wa mti mmoja ni kamari, na Afrika Mashariki imeshawahi kuicheza

Kuna watu wanaodhani hofu ya nakala ni hofu ya washirikina. Mimi nawapeleka Kenya ya miaka ya 1950. Msindano wa Pinus radiata, uliotoka kwenye vipande vichache vya pwani ya California, ulikuwa ukipandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na pia Tanganyika. Ulikua haraka kuliko mingine na kila mtu aliupenda. Kisha ukaja ugonjwa wa kuvu aitwaye Dothistroma, unaopaka pete nyekundu kwenye sindano za mti na kuziangusha. Ulionekana Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika mwaka 1957, na mapema miaka ya 1960 ulikuwa Kenya. Miti michanga ndiyo iliyoteketea zaidi. Iliyokomaa ilikuwa na kinga yake. Upandaji wa radiata ukasimamishwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Pinus patula na misaiprasi. Hiyo haikuwa hata misitu ya nakala. Ilikuwa miti ya mbegu, kila mmoja na vinasaba vyake, ila ya spishi moja.

Misaiprasi nayo ilipata zamu yake. Kidukari anayefyonza utomvu wake alionekana Malawi mwaka 1986, akapanda kaskazini kupitia Tanzania, na kufikia 1990 alikuwa Kenya. Nyua za misaiprasi zilizozunguka shule na makanisa zilikauka zikawa kahawia, na mashamba vilevile. Watafiti waliagiza nyigu mdogo anayemshambulia kidukari huyo, na alisaidia.

Nimeyataja yote mawili ili nieleze kwa nini pale Uppsala hawakuwahi kuniruhusu kufikiria nakala moja bora. Kinachopelekwa msituni ni mchanganyiko wa nakala nyingi, kutoka kwa wazazi tofauti, na Sweden ina kanuni zinazobana kiasi cha msitu ambacho mmiliki anaweza kupanda kwa miti iliyonakiliwa. Mtungi wa naitrojeni unasaidia hapa pia. Ugonjwa mpya ukija, nakala zilizowekwa akiba bila kupandwa bado zipo, na baadhi yao huenda zina kinga ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta siku zilipogandishwa. Ndiyo maana kutupa koo "mbovu" ili kupunguza gharama ya naitrojeni ni jambo ninalolipinga kila linapoletwa mezani. Ubovu wake umepimwa dhidi ya magonjwa ya jana.

Majita tunalijua hili kwa mdomo. Magonjwa ya batobato kali na michirizi kahawia yalipopita kwenye mihogo yetu, shamba la kijiti kimoja liliisha lote kwa pamoja; nyumba iliyokuwa na aina tatu au nne ilibaki na kitu cha kula.

8. Kabla ya sahani, jaribu kijiti

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa misitu ni lini Tanzania itakuwa na maabara ya viinitete vya misindano. Naona ni swali la tatu au la nne, siyo la kwanza.

Afrika Kusini, ambako Pinus patula ulikubali sahani tangu 1993, haikuenda moja kwa moja huko kwa upandaji wa kawaida. Mwaka 1990 kuvu wa Fusarium circinatum aliripotiwa kwenye vitalu vyao na kuanza kuua miche ya patula. Wakageukia mchanganyiko wa patula na Pinus tecunumanii, msindano wa Amerika ya Kati unaostahimili zaidi. Mbegu za mchanganyiko huo ni chache na ghali, kwa sababu uchavushaji unafanywa kwa mkono, ua kwa ua. Walichofanya ni kupanda mbegu hizo chache, kuifyeka miche ikiwa michanga ili iwe vichaka vya chini, na kukata vipandikizi kutoka kwenye vichaka hivyo kila msimu. Kichaka kinachofyekwa mara kwa mara huzeeka polepole, ingawa hakiachi kuzeeka. Baada ya miaka kadhaa kinabadilishwa. Mbegu moja ya thamani inageuka kuwa miche mingi, kwa nyumba ya ukungu wa maji, visu vikali na wafanyakazi waangalifu. Huo ni mhogo, kwa kiasi ambacho msindano unaweza kuwa mhogo.

Hapa nchini hatua za mwanzo zipo. Wadau wa misitu ya Nyanda za Juu Kusini wamekuwa wakipanda majaribio ya spishi na vyanzo vya mbegu, tecunumanii na maximinoi zikiwemo, na bustani za mbegu bora; TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, ina kumbukumbu za majaribio ya miaka mingi. Mtandao wa Camcore, ulioanzishwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kukusanya mbegu za misindano ya Meksiko na Amerika ya Kati, umesaidia nchi nyingi za kusini kupata damu mpya. Kazi hizi hazipigwi picha sana. Mtu anayepima vipenyo vya miti kwenye mvua ya Mufindi hana taa za kupendeza nyuma yake. Lakini bila daftari lake hakuna atakayejua ni kijichupa kipi kitolewe kwenye mtungi.

Na Mara? Butiama sasa kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, na nimeshasikia watu wakitamani kiwe na maabara ya tishu. Nami natamani, ila isianze na misindano. Ianze na mihogo, viazi vitamu na migomba, mimea ambayo ncha yake ndogo ya kikonyo ikikatwa na kukuzwa chupani inaweza kutoa mche usio na virusi, na ambayo mkulima wa Bukima au Bunda ataipanda msimu uleule. Huko tishu kalcha ina faida ya mwaka huu. Fundi atakayejifunza usafi, chakula na hadubini kwa mihogo atakuwa fundi tayari siku misindano itakapomhitaji.

Kwa misindano yenyewe, ningepewa fedha leo ningezigawa hivi: sehemu kubwa kwa majaribio ya shambani na watu wa kuyapima miaka kumi na tano ijayo, maana wafadhili huchoka mwaka wa nne, sehemu ya pili kwa uchavushaji wa mkono na nyumba ya vipandikizi Mafinga, na inayobaki kwa mtungi mmoja wa naitrojeni na mkataba wa kuujaza. Povu la kuweka humo tunaweza kulianzisha hata kwenye maabara ya kuazima, koni zikiwa tayari. Kinachonipa wasiwasi ni mkataba wa kuujaza. Naitrojeni inageuka mvuke usiku na mchana, na hakuna bajeti niliyowahi kuiona yenye kifungu cha kujaza mtungi mwaka wa kumi na mbili.